Namna ya Kuzifaidi Raha Unazozionea Haya

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam kuna kitendo kinachofanyika kwa kasi ya ajabu saa tatu usiku: mgeni anapiga hodi, mkono unakimbilia rimoti, na tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili inageuka ghafla kuwa taarifa ya habari. Nimekifanya kitendo hicho kwa miaka mingi, na siku moja nilikifanya kwa pupa hata nikamkaribisha mwalimu wangu wa zamani sebuleni huku televisheni ikionyesha mafunzo ya ufugaji wa sungura, jambo ambalo tulilazimika kulizungumzia kwa karibu nusu saa. Mwongozo huu unawahusu watu wa aina yangu, yaani wale walio na raha ndogo wanayoipenda kwa dhati lakini wasingependa ijulikane, iwe ni tamthilia, taarabu ya mipasho, magazeti ya udaku au sahani ya zege, yaani chipsi zilizokaangwa pamoja na mayai, inayoliwa garini kabla ya kwenda kula chakula cha usiku nyumbani.

Jambo la kwanza ni kutenganisha haya na kosa, kwa kuwa wengi huyachanganya mawili hayo na kuteseka bure. Jiulize kama bado ungesumbuka iwapo hakuna hata mtu mmoja ambaye angejua. Ikiwa fedha zilizolipia kisimbuzi zilikuwa za ada ya mtoto, au unalala saa nane za usiku na kusinzia kazini, au daktari amekukataza chumvi nawe unazidisha, utasumbuka hata ukiwa peke yako kisiwani, na dawa yake ni kupanga upya matumizi, kulala mapema au kumtii daktari. Kubeti na ulevi sivihesabu hapa hata kidogo, maana hivyo humla mtu badala ya kuliwa naye. Lakini ikiwa kinachokusumbua ni macho ya mwenzako wa ofisini, au wazo kwamba mtu mwenye shahada hapaswi kumlilia mfanyakazi wa ndani aliyesingiziwa wizi katika sehemu ya arobaini na mbili, hujamkosea mtu yeyote. Umeona haya tu, na haya hiyo ina chanzo unachoweza kukichunguza.

Chanzo hicho mara nyingi ni cheo. Taarabu ilistawi Zanzibar katika kasri la Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, na kwa muda mrefu iliimbwa kwa Kiarabu mbele ya wakubwa. Siti binti Saad, aliyewahi kuzunguka akiuza vyungu, akaiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akarekodiwa kwenye santuri huko Bombay. Leo jina lake hutajwa kwa heshima hata na wale wanaoikunjia uso taarabu ya mipasho. Bongo Fleva nayo iliitwa muziki wa kihuni kabla haijaanza kualikwa kwenye hafla za viongozi, na riwaya pendwa za kijasusi, ambazo wanafunzi walizisoma zikiwa zimefichwa ndani ya madaftari, sasa zinaandikiwa tasnifu vyuoni. Sisemi kwamba kila kinachodharauliwa leo kitatukuzwa kesho. Tamthilia nyingi ninazozifuatilia ni dhaifu na zitabaki dhaifu. Ila ukishaona jinsi kipimo cha cheo kinavyohamahama, utasita kukitumia kuipimia jioni yako.

Baada ya hapo, acha kutafuta udhuru. Nimewasikia watu wakisema wanatazama tamthilia za Kihindi ili wazielewe mila za wenzetu, au wananunua gazeti la udaku kwa sababu ya ukurasa wa michezo, na ninaamini udhuru wa namna hiyo huiharibu raha kuliko kicheko cha jirani. Mtu anayejidai kujifunza hulazimika kutazama kwa uso wa mwanafunzi. Hawezi kumfokea adui kwenye skrini, hawezi kupiga makofi steringi anaporudi kutoka alikodhaniwa amekufa. Ikiwa umeipenda kwa sababu inakupumzisha, hiyo ni sababu tosha.

Sasa tuje kwenye ufundi wenyewe, na nitakaa zaidi kwenye tamthilia kwa kuwa ndiyo raha ninayoijua vizuri. Kosa kubwa la mtu mwenye haya ni kutazama nusunusu: simu iko mkononi, kompyuta ya kazi iko mapajani, na sauti imepunguzwa ili aweze kudai kwamba hakuwa akitazama. Matokeo yake ni kwamba kazi haikufanyika, raha haikupatikana, na saa mbili zimekwenda. Chagua tamthilia moja, au mbili ukizidisha, kisha itengee muda wake kama unavyoutengea muda mpira wa ligi. Oga, kula, maliza vyombo, weka simu chumba kingine, halafu kaa. Ukishindwa kuifuata kila usiku, subiri marudio ya mwishoni mwa wiki, ambayo yana faida ya kukupa mfululizo mzima bila kukuvuruga siku za kazi.

Wanaotazama kwa mtandao, au wanaowekewa msimu mzima kwenye flashi pale kibandani, wana tatizo lao la kutojua pa kuishia. Hapa nina mbinu moja ambayo imenisaidia kuliko maazimio yote niliyowahi kujiwekea. Tamthilia imejengwa ili kila sehemu ikatwe pale utamu unapofika kooni: mlango unafunguliwa, barua inasomwa, bwana harusi anaitwa kwa jina asilolijua bibi harusi. Ukijiambia kwamba utazima sehemu ikiisha, unajipangia kuzima mahali ambapo waandishi walilipwa ili wakuzuie usizime. Basi zima katikati. Ingia sehemu inayofuata kwa dakika kumi hivi, ujue ni nani aliyekuwa nyuma ya mlango, na kabla fundo jipya halijaanza kufungwa, bonyeza kitufe ukalale. Utalala vizuri, na kesho utaendelea kutoka mahali palipotulia. Siku za mwanzo utaona kama unakatisha sala, lakini mazoea huja upesi.

Jambo jingine ni kutafuta mwenza. Wanaodhani kwamba burudani za namna hii ni za upweke wamesahau mabanda ya video, ambako watu walibanana kwenye mabenchi wakitazama filamu za Kichina na za Kihindi huku mfasiri akizisimulia kwa Kiswahili na kuongeza chumvi yake. Lufufu alijijengea jina kwa kazi hiyo Tanzania, kama DJ Afro kule Kenya na VJ Jingo kule Uganda, na watazamaji wengi walikwenda kwa ajili ya msimulizi zaidi kuliko filamu. Palikuwa na kelele, ubishi na vicheko, na hakuna aliyemwuliza mwenzake kiwango chake cha elimu. Nyumbani unaweza kuupata mwangwi wa hali ile ukimwita wifi, dada wa kazi au mama mkwe mkae pamoja; mimi nilizungumza na mama mkwe wangu kwa mara ya kwanza bila kubabaika tulipogundua kwamba sote wawili tunamchukia mwanamke yuleyule wa kwenye tamthilia. Adabu yake ni moja tu: aliyetangulia kuona asimulie pale tu anapoulizwa.

Kwa mpenzi wa rusha roho, yaani ile taarabu ya mipasho, ukumbi una masharti mengine, na la kwanza linahusu pesa. Kutunza ni sehemu ya onyesho lenyewe: mwimbaji anapofika kwenye ubeti unaomgusa mtu, huyo mtu huinuka, hutembea kwa madaha mpaka jukwaani na kumtunza noti, na kila aliyemo ukumbini huelewa kwamba amesema jambo bila kufungua kinywa. Ni raha kubwa, na ni raha inayokausha pochi, kwa kuwa ubeti mmoja huzaa mwingine na shoga yako akitunza nawe hutaki kubaki nyuma. Chenji noti ndogondogo mapema, zitie kwenye pochi ya mkononi, na simu yenye fedha iache kwa mtu mwenye moyo mgumu. Noti ndogo zikiisha, cheza tu, kucheza hakulipiwi. Usimwelekezee mtu kidole wala jicho unapotunza, hata kama wimbo unamfaa kama umeshonwa kwa kipimo chake, kwa maana mpasho hunoga pale ambapo mlengwa anabaki na nafasi ya kujifanya haumhusu.

Kuhusu chakula nitasema machache. Zege la usiku halipaswi kuliwa kwa kujificha wala kwa haraka. Liagize mara moja kwa wiki siku unayoijua, omba kachumbari ya kutosha, kaa kwenye kiti cha plastiki cha muuzaji, ulile likiwa la moto kwa kijiti chako hadi kipande cha mwisho, kisha nyumbani useme kwamba umeshakula. Ukoko wa pilau nao, ambao hauandaliwi mgeni na kwa hiyo watu wazima huubandua jikoni wakiwa wamesimama kama wezi, unastahili sahani. Uweke mezani, ingawa nakuonya kwamba ukishauweka hadharani utalazimika kuugawa.

Ukiulizwa, jibu kwa sentensi fupi. "Ndiyo, ninaifuatilia," inatosha, bila "lakini" nyuma yake na bila hotuba ya kuitetea. Anayetaka kucheka atacheka kidogo na kuhamia jambo jingine, kwa sababu hakuna utamu katika kumtania mtu asiyejificha. Mara nyingi atauliza pia kama yule kaka mkubwa alishafahamu kwamba mtoto ni wake.

Mwisho, usiigeuze raha kuwa deni. Kufika sehemu ya mia na ishirini hakukulazimishi kufika ya mia na hamsini, na tamthilia iliyoacha kukufurahisha unaweza kuiacha Jumanne yoyote, katikati ya harusi, bila kuaga mtu. Mwaka juzi niliiacha moja ya Kifilipino siku ambayo marehemu alifufuka kwa mara ya tatu. Mpaka leo sijui ni nani aliyembadilisha mtoto hospitalini, na mama mkwe, ambaye anajua, bado hajaulizwa.