Kabla hujalipia chumba Hispania

Wewe unayekwenda kusoma Hispania, kabla hujatoa amana ya chumba muulize mwenye nyumba swali moja: utaniruhusu nijiandikishe kwa anwani hii? Wenyewe wanaita empadronamiento, yaani kuandikishwa kama mkazi kwenye halmashauri ya mji, na kwa kawaida ni bure. Wapo wenye nyumba wasiotaka kabisa, na ni vigumu kubishana nao ukiwa umeshalipa.

Cheti cha kujiandikisha huko utaulizwa mara nyingi, hasa unapofuatilia kitambulisho cha mgeni, TIE. Ukiwa na viza ya zaidi ya miezi 6, unatakiwa kuomba kitambulisho hicho ndani ya mwezi 1 tangu uingie nchini, na kituo cha polisi hakikupokei bila miadi. Miadi hiyo huadimika sana Madrid na Barcelona. Anza kuitafuta mtandaoni wiki ya kwanza, hata kama uchovu wa safari haujakutoka. Jaribu asubuhi, jaribu usiku, na ukiipata chapisha uthibitisho.

Tumbo nalo lizoeze. Chakula cha mchana huliwa kuanzia saa 8, cha usiku saa 3 au hata saa 4. Mlo mkubwa ni wa mchana: ulizia menú del día, sahani mbili, mkate, kinywaji na kitindamlo kwa bei moja. Na Jumapili miji mingi supamaketi hufungwa, basi mchele wako nunua Jumamosi.