SOMO: Kumpeleka mtoto kuwinda nguruwe pori kwenye kinamasi kwa mara ya kwanza (Texas)

Habari zenu wadau. Kila baridi ikianza inboksi inajaa swali lile lile, "kaka nataka nimtoe kijana wangu akawinde nguruwe, naanzia wapi", nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naweka hapa mara moja, ukiniuliza tena nakurudisha huku huku. Haya ni ya pwani ya Texas, kati ya Houston na Beaumont, kule mashamba ya mpunga yanapoishia kwenye matete. Louisiana wana sheria zao, usije kunilaumu.

1. Karatasi. Tangu Septemba 2019 huhitaji leseni kuwinda nguruwe pori Texas ukiwa kwenye ardhi ya mtu binafsi na mwenye ardhi amekuruhusu. Ardhi ya serikali leseni lazima. Ila wewe uliye kwenye viza ya muda, ya shule sijui ya kutembea, ngoja kwanza: sheria ya shirikisho inakukataza kushika bunduki labda uwe ndani ya vighairi vyake, na kimojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Kwa hiyo mwenzio mwenye gringadi (kibali cha ukaazi wa kudumu) haihitaji leseni, wewe unaihitaji. Ongea na wakili wa uhamiaji, usiongee na shemeji yako.

2. Umri. Cheti cha mafunzo ya uwindaji Texas kinaanzia miaka 9. Mimi nasema chini ya hapo aje kuangalia tu, na hata huyo wa 9 siku ya kwanza si lazima apige.

3. Msimu. Januari na Februari. Mbu wachache, nyoka na mamba wamepoa, nyama haiozi mkononi, na nguruwe wanatembea hata mchana.

4. Nguo. Mabuti ya mpira, soksi mbili, fulana na kofia ya rangi ya chungwa inayowaka, nguo za kubadilisha kwenye gari. Atalowa, hilo usibishane nalo.

5. Masikio. Vile vya sponji ndani PAMOJA na vya kufunika juu. Mlio wa bunduki kubwa unapita desibeli 140, na mtoto akiumia masikio siku ya kwanza hakuna siku ya pili. Aizoee kwanza bunduki ndogo ya .22 uwanjani.

6. Upepo. Nguruwe haoni vizuri ila pua yake ni balaa. Chukua kichupa kidogo, tia poda ya mtoto, mpe dogo aminye hewani kila baada ya muda aangalie ile poda inaelekea wapi. Hapo umempa kazi, na mtoto mwenye kazi hasemi "baba twende nyumbani".

7. Tope. Kanyaga kwenye mashina ya nyasi, usikanyage katikati palipong'aa. Mbele yako fimbo, nyuma yako mtoto, kwenye nyayo zako. Pakitoa mapovu na harufu ya yai bovu ujue chini hakuna kitu, zunguka. Buti likinasa asilivute kwenda juu kwa nguvu, mguu utatoka na buti litabaki. Apinde goti, achezeshe kisigino pole pole mpaka hewa iingie chini.

8. BAADA YA RISASI. Hapa someni wote, maana ndipo nilipowahi kuboronga. Nguruwe kaanguka, mnafurahi, dogo anataka kukimbia akamshike, na wewe una mzuka kuliko yeye, mnaingia matete pamoja. USIFANYE. Dume lina ngozi nene kama ngao mabegani, likipigwa juu juu linalala chini halafu linanyanyuka, na ndani ya matete unaliona likiwa hatua tatu, huna pa kukimbilia kwa sababu miguu iko kwenye tope na mkono mmoja umeshika mtoto. Kwa hiyo lazima muwe WATU WAZIMA WAWILI. Mmoja anabaki na mtoto pakavu, kwenye tuta la mpunga au kwenye gari, mwingine anasubiri nusu saa ndio anaingia peke yake, kwa mgongoni mwa mnyama, bunduki tayari, anamgusa jicho kwa kijiti kirefu. Jicho halikupepesa, ndio unamwita dogo. Kama hamko wawili msiende. Mke wako kukaa kwenye gari barabarani anachati hahesabiki kuwa wa pili.

9. Kuchuna. Glavu, na miwani pia. Nguruwe hawa wana bruselosi, ugonjwa wa bakteria unaoambukiza watu, na kwa macho huwezi kuwajua wenye nao. Dogo mwenye kidonda mkononi asiguse kabisa.

Nimemaliza, ulizeni.

Mdau wa Dallas: Mkuu bunduki gani na mtoto awe na umri gani? Jibu fupi niko kazini

Mwandishi: Umri namba 2. Soma ukitoka kazini. Bunduki, .243 inamtosha mtoto, haimpigi bega sana.

Baba Mapacha: Hiyo ya watu wazima wawili naona unakuza mambo, sisi kijijini tulikuwa tunaenda watoto watupu na mbwa.

Mwandishi: Na mimi nimekulia kijijini. Kijijini mlikuwa kumi na mikuki, hapa uko wewe na mwanao kwenye maji ya magoti. Wanao ni mapacha, nani atamshika wa pili?

Mama Furaha: Asante kaka, nimesoma yote. Binti yangu ana miaka 10, anauliza ampige wapi ili asiteseke? Na kwa nini wapo wengi hivyo?

Mwandishi: Binti ana akili huyo. Moyo na mapafu ya nguruwe viko mbele na chini kuliko vya swala, kwa hiyo asilenge nyuma ya bega kama wanavyofundisha kwa swala, alenge juu kidogo ya kiwiko, theluthi ya chini ya mwili, mnyama akiwa amesimama ubavu. Mchoreeni kwenye boksi la karatasi afanyie mazoezi. Akiwa na wasiwasi asipige, atakuja mwingine. Kuhusu wingi, asili yao ni nguruwe wa kufugwa walioletwa na Wahispania, wakatoroka, baadaye wakachanganyika na nguruwe mwitu wa Ulaya walioletwa kwa ajili ya kuwinda. Jike anabeba mimba miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, anazaa furushi. Mkulima wa mpunga akiamka asubuhi shamba limefukuliwa kama limepitiwa na trekta.

Kijana wa Goma: Sisi kwetu nyama ya pori tunaikausha na moshi, je huyu?

Mwandishi: Moshi hauui bruselosi, wala friza haiui. Pika kwanza mpaka ndani ifike nyuzi 71 za Selsiasi, moshi baadaye kwa ladha. Na mabaki mabichi usimpe mbwa wako, kuna virusi kwa hawa nguruwe ambavyo mbwa akivipata hana maisha.

Mdau wa Dallas: Dume linanuka mkuu, kitimoto gani hiyo

Mwandishi: Dume kubwa achana nalo kwa kuchoma, saga. Wa kuchoma ni jike dogo. Weka kwenye boksi la barafu siku mbili, fungua kizibo cha chini maji ya damu yatoke, ongeza barafu. Halafu ndimu, tangawizi, pilipili, unajua mwenyewe.

Mwana wa Mvita: Sisi wengine nguruwe hatuli, ila mtoto anataka kwenda na marafiki zake.

Mwandishi: Aende. Wakulima wengi shida yao ni nguruwe aondoke shambani, nyama watachukua wenzenu.

Baba Mapacha: Haya tuma basi namba ya huyo mwenye shamba

Mwandishi: Namba ya mtu siweki hapa. Nenda duka la chakula cha mifugo huko huko Winnie au Anahuac, nunua hata gunia la mahindi, ongea na watu wa kaunta kwa adabu, waulize mkulima gani anasumbuliwa na nguruwe. Na uwe umeshampata huyo mtu mzima wa pili.