Namna ya kubishana kuhusu bingwa wa mbio za magari bila kuaibika kwa kinyozi

Hii naandika juu ya kile kilinipata mimi mwenyewe. Nilikuwa kwa kinyozi hapa Nakuru, kichwa nusu imenyolewa nusu bado, nikajisemea tu kwa ujasiri Lewis Hamilton, yule dereva wa Formula 1, ndio mkali wa wakati wote, mataji 7, ushindi 105, maneno yameisha. Kinyozi akazima mashine. "Buda, na Schumacher ana mataji mangapi?" Saba pia. "Na ushindi wake 91 aliupata kwa mbio ngapi?" Kimya. Nikakaa pale kama shamba limepaliliwa upande mmoja, wazee kwa benchi wanacheka, na tangu siku hiyo niliapa sifungui mdomo kabla sijajipanga. Sasa sikiza vile nafanya.

Kabla utaje jina la mtu yeyote, uliza kwanza mnapima nini. Unakuta mmoja anapima mataji, mwingine kasi, mwingine roho ya dereva, halafu mnapigiana kelele saa nzima na kumbe kila mtu yuko na mada yake. Sema tu wazi, "leo naongelea nani alikuwa mwepesi zaidi" ama "naongelea nani alivuna mingi." Mwenye anakataa kuchagua ujue huyo anataka kukuhamishia goli baadaye.

Kwa hesabu, usimwage namba mbichi. Msimu wa 1950 Formula 1 nzima ilikuwa na mbio 7, 2024 zikawa 24. Kwa hivyo ukisema Hamilton 105 na Fangio 24 hujasema kitu bado. Fangio, yule Muajentina, hizo 24 alizitoa kwa mbio 51 peke yake, yaani karibu kila mbio ya pili ni yake, na mataji yake 5 aliyachukua na timu nne tofauti. Jim Clark alishinda 25 kwa mbio 72. Schumacher ni 91 kwa 306 (hili ndilo jibu lilinikosa siku ile, saa hii nalijua hata nikiwa usingizini), na Hamilton alikuwa ameanza zaidi ya 340. Gawanya kwanza, ndio uongee.

Pointi nazo ziache kabisa. Zamani mshindi alikuwa anapewa 8, saa hii ni 25. Na kuna ile ya 1988 ambayo ukiitoa watu wananyamaza: Prost alikusanya pointi 105, mwenzake Senna 94, na taji likaenda kwa Senna! Sheria ya wakati huo ilihesabu matokeo 11 bora tu, kwa hivyo ikawa Senna 90, Prost 87. Shabiki wa Prost atakuambia waliibiwa, shabiki wa Senna atakuambia mtu wangu alishinda mbio 8 huyo wako 7, na wote wako sawa, ndio maana nakwambia pointi ziache.

Mtu akikwama kwa mataji tu, mpe Stirling Moss. 1958 alishinda mbio nne, Mike Hawthorn akashinda moja, na Hawthorn ndio akawa bingwa kwa pointi moja. Halafu ule msimu, kule Ureno, waamuzi walitaka kumnyang'anya Hawthorn matokeo yake na ni huyo huyo Moss alienda kumtetea. Hakuwahi kupata taji maishani. Sasa utamweka wapi mtu kama huyo? Mimi namweka juu ya mabingwa kadhaa na sitataja majina.

Lazima mtu atakurushia hii: "ni gari tu, hata mimi ningeshinda na hiyo." Usikasirike. Jibu ni mwenzake wa timu, kwa sababu huyo ndiye mtu pekee ana gari kama lake. 2007 Hamilton anaingia Formula 1 mara ya kwanza, anawekwa na Alonso mwenye ametoka kuchukua mataji mawili mfululizo, na mwisho wa msimu wote wako na pointi 109. Mgeni kabisa! Ama angalia timu ya Red Bull ya 2024, Verstappen bingwa na pointi 437, Pérez nambari 8 na 152. Lakini jua kisu hiki kinakata pande mbili. Watakukumbusha Rosberg, mwenzake wa timu, alimshinda Hamilton taji la 2016 na gari lile lile, na kwamba kwa ile miaka mitatu yao pamoja timu ya McLaren, Button alikusanya pointi nyingi kumliko Hamilton. Kubali haraka uendelee, ukijikakamua hapo umeisha. Na wewe pia usijidanganye kwamba magari mawili ya timu moja ni mapacha, saa zingine gari limetengenezwa kufuata mkono wa mmoja na yule mwingine anahangaika nalo tu.

Sasa mahali mimi napenda kuwapeleka watu ni kwa siku mbaya. Siku nzuri kila bingwa ni mkali bana. Muulize jamaa, mtu wako alifanya nini siku kila kitu kiliharibika? Schumacher, Barcelona 1994, gia inakwama kwa nambari tano na mbio bado ndefu, hebu fikiria kutoka pit (pale gari linahudumiwa katikati ya mbio) na gia ya tano bila injini kuzima, na akamaliza wa pili. Hamilton, Silverstone 2020, mzunguko wa mwisho tairi la mbele kushoto linapasuka, unaona mpira unapigapiga rimu, Verstappen anakuja kwa kasi nyuma, na bado jamaa akavuka wa kwanza na matairi matatu. Verstappen mwenyewe, Brazil 2024, anaanza nafasi ya 17 kwa mvua na anashinda. Ukileta mifano kama hiyo mtu anakuwa hana haraka ya kukujibu.

Na uchafu wa mtu wako uujue kabla hujaambiwa. Senna alimgonga Prost Suzuka 1990 na baadaye akakubali ilikuwa makusudi. Schumacher alijaribu kumtoa Villeneuve, mpinzani wake wa taji, Jerez 1997 wakamfuta kwa msimamo wa msimu mzima. Abu Dhabi 2021, ile Verstappen alimpita Hamilton mzunguko wa mwisho akachukua taji, usiiguse kabla chai haijaletwa, hiyo haiishi.

Kama kuna mzee pale ndani, jiandae pia kwa Safari Rally, maana kwetu mjadala lazima ufike huko. Shekhar Mehta alishinda mara 5: 1973, ambapo walilingana pointi na Harry Källström, halafu minne mfululizo 1979 hadi 1982. Bingwa wa dunia wa rally hakuwahi kuwa. Sébastien Loeb ana mataji 9 ya dunia na Safari hajawahi kushinda, ingawa pia uwe mkweli, miaka yote ile anabeba mataji Safari ilikuwa imetolewa kwa kalenda. Nani mkubwa hapo? Kabla ya kujibu kumbuka 1963 na tena 1968 ni magari 7 tu yalimaliza. Saba! Na hata hii ya siku hizi fupi, 2021 Neuville alikuwa anaongoza mpaka Jumapili asubuhi, suspenshen ikamsaliti, Ogier akachukua. Nimesimama Kedong nikaona vile lile vumbi laini kama unga linameza gari mpaka unasikia tu injini, huoni kitu, halafu linatokea upande ambao hukutarajia. Pale kumaliza ni kipaji peke yake.

Juzi nilirudi kwa kinyozi nikiwa nimejipanga. Akaniuliza tena, mkali nani? Nikampa Fangio, Nürburgring 1957, miaka 46, anatoka pit karibu sekunde 50 nyuma ya Hawthorn na Collins, anavunja rekodi ya mzunguko tena na tena, anawapita wote wawili mzunguko mmoja kabla ya mwisho. Mashine haikuzimwa. Nikaona nimeshinda. Halafu mzee mmoja kwa kona, gazeti bado usoni, akasema, "Kijana, Joginder Singh alishinda Safari 1965 na Volvo ya mkono wa pili. Huyo Fangio wako alishawahi kuona matope ya Taita?"

Jibu sikuwa nalo, lakini angalau kichwa kilikuwa kimenyolewa chote.