Somo: Kuchimba historia ya mji wa chuo Marekani kwa hati na ramani za zamani

Naandika mara moja iwe hapa, maana inbox kila mtu anauliza hilohilo. Mfano ni Ann Arbor, Michigan, kwa sababu pale chuo na biashara ya viwanja vilikua pamoja: 1837 kampuni ya ardhi ilitoa ekari 40 bure ili Chuo Kikuu cha Michigan kihamie kutoka Detroit, yenyewe ikabaki na viwanja vya jirani vya kuuza.

1. Chagua jengo moja, sio mji mzima.

2. Nenda ofisi ya kaunti inayosajili hati za kuuziana ardhi (Ann Arbor iko kaunti ya Washtenaw).

3. Mtafute mmiliki wa sasa kwenye faharasa ya wanunuzi (orodha ya majina ya waliouziwa ardhi), utaona nani alimuuzia. Huyo naye mtafute humohumo, rudi nyuma hivyohivyo.

4. Unganisha hati na ramani. Wengi wanapotea hapa. Hati ya zamani mara nyingi haitaji namba ya nyumba, inataja namba ya kiwanja, bloku (kundi la viwanja lililozungukwa na barabara) na jina la eneo lililopimwa. Na namba za nyumba miji mingi zilibadilishwa, barabara nazo zikapewa majina mengine, kwa hiyo ukibeba namba ya leo ukaipeleka kwenye ramani ya 1890 unaangukia kwa jirani na unaandika historia ya familia isiyohusika kabisa. Tafuta kwanza ramani ya mgawanyo wa viwanja, iko hapohapo kaunti, hesabu kiwanja ni cha ngapi kutoka kona, pima futi, NDIPO uhamie ramani ya majengo (hatua ya 5). Ukikuta "nusu ya kaskazini ya kiwanja" usiyaruke hayo maneno!

5. Ramani za majengo ni zile za kampuni ya Sanborn, zilichorwa kwa ajili ya bima ya moto, nyingi kwa kipimo cha futi 50 za ardhini kwa inchi moja ya ramani. Waridi ni tofali, njano mbao, buluu mawe. Herufi D ni makazi, S duka. Library of Congress (Maktaba ya Bunge la Marekani) wameweka nyingi mtandaoni bure.

Swali: Mkuu hati itaniambia nyumba ilijengwa lini?

Hapana. Hati inauza ardhi. Soma hatua ya 4 na 5.

Swali: Sijasoma yote, nikitumia namba ya nyumba tu si inatosha?

Soma yote.

Swali: Ramani yangu ya Sanborn ni ya 1916 lakini kuna jengo najua ni la baadaye, imekuwaje?

Swali zuri sana dada. Kampuni ya Sanborn ilikuwa inatuma vipande vya karatasi vya marekebisho vinabandikwa juu ya ramani ya zamani. Angalia kwa karibu, utaona ukingo wa kipande na mistari isiyokutana vizuri. Mwaka wa jalada unabaki uleule, kwa hiyo tafuta kama kuna tarehe ya marekebisho.

Swali: Nimekuta hati inakataza kuuzia Weusi, bado ina nguvu?

Haina. 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ilizuia mahakama kuyatekeleza masharti hayo, na sheria ya 1968 ikapiga marufuku ubaguzi wa makazi. Ila yaandike neno kwa neno, ndiyo yanaeleza kwa nini mtaa ulikuwa na watu wa aina moja.

Mdau: Naongezea, ukikuta kwenye hati kipimo cha "cheni": cheni 1 ni futi 66, na ekari ni cheni 10 za mraba.

Asante, na ukishapata mmiliki pitia vitabu vya anwani vya mji, vinataja jina na kazi, unaweza kukuta na waliopanga vyumba kwenye nyumba hiyo.