Namna ya Kuichambua Habari ya Mfalme Mithridates na Sumu

Anayetaka kuisimulia habari ya Mithridates wa Sita, mfalme wa Ponto, nchi ya kale kando ya Bahari Nyeusi, aliyesifika kwamba sumu haimdhuru kwa kuwa alijizoesha kuionja kidogo kidogo, na aanzie kwenye kifo chake, kwa sababu hapo ndipo sifa hiyo inapoweza kupimwa. Mwaka 63 KK, baada ya kupigana na Roma katika vita vitatu, mfalme huyo mzee alikuwa Panticapaeum, mji ambao leo ni Kerch katika rasi ya Krimea, na mwanawe Pharnaces alikuwa amemwasi. Appian, mwanahistoria wa enzi ya Roma, anaeleza kwamba mfalme aliitoa sumu aliyokuwa akiibeba siku zote pamoja na upanga wake, akaichanganya. Binti zake wawili, Mithridatis na Nyssa, waliokuwa wameposwa na wafalme wa Misri na Kupro, wakamsihi awaache wanywe kwanza, nao wakafa papo hapo. Naye akanywa, akatembea huku na huko kwa haraka ili sumu impande upesi, lakini haikumuua. Mwishowe akamwomba Bituitus, mkuu wa askari wa Kigauli, ammalize kwa upanga.

Isome sehemu hiyo polepole, kisha ujiulize: baada ya mabinti wawili kunywa, kilibaki kiasi gani cha sumu? Appian mwenyewe anasema mfalme alinusurika kwa kuwa alikwisha kuuzoesha mwili wake sumu, na huenda ni kweli. Hata hivyo, sumu iliyogawanywa kwa watu watatu haithibitishi kinga ya yeyote.

Kisha wapange mashahidi kwa wakati wao. Appian aliandika takriban miaka 200 baada ya tukio. Plinius Mzee, mwandishi wa Kirumi, alikufa mwaka 79 BK. Cassius Dio, mwanahistoria mwingine, alikuja baadaye zaidi, naye anasema mfalme alijaribu sumu na upanga, vyote vikashindwa, ndipo wengine wakamuua. Appian na Dio wanakubaliana kwamba sumu haikutosha na kwamba silaha ndiyo iliyommaliza. Hilo lisimulie kwa uhakika. Mengineyo yape neno "inasemekana".

Sehemu inayopotosha wengi ni ile ya dawa ya kuzuia sumu. Plinius anasimulia kwamba Pompey, jemadari wa Roma, alikuta katika sanduku la siri la mfalme maandishi ya mkono wake mwenyewe: jozi mbili kavu, tini mbili na majani 20 ya mmea mchungu uitwao ruta, vyote vipondwe pamoja na chumvi kidogo, na atakayekula kabla ya kutia kitu kingine kinywani hatadhurika na sumu siku hiyo. Plinius huyo huyo, mahali pengine, anaitaja dawa ya Mithridates yenye viungo 54, na anawakemea waganga kwa vipimo vyake visivyo na maana. Ukiona kikaratasi cha viungo vinne na dawa ya viungo 54 vikibeba jina la mtu mmoja, fahamu kwamba jina hilo limekwisha kuwa chapa ya kuuzia dawa. Waganga wa Ulaya waliendelea kuwaandikia wagonjwa dawa hiyo kwa karne nyingi, hadi daktari Mwingereza William Heberden alipoikosoa hadharani mwaka 1745.

Hatimaye uliza mwili wenyewe unaweza nini, na hapa usiziweke sumu zote katika kapu moja. Mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya sumu ya nyoka, kwa kuwa ina protini. Ndiyo maana tangu mwishoni mwa karne ya 19 farasi wamedungwa sumu hiyo kidogo kidogo ili damu yao itoe dawa ya kuwatibu walioumwa. Afyuni nayo huzoeleka, mtumiaji akahitaji kipimo kikubwa zaidi, lakini mazoea hayo si kinga, kwani bado inaweza kumuua. Risasi na zebaki hurundikana mwilini na kuharibu ubongo na figo, na aseniki ikitumiwa muda mrefu huleta saratani. Kwa hiyo anayeonja sumu za aina hii kila siku anajiua taratibu.

Ukisimulia mbele ya vijana, jambo hili usiliache mpaka mwisho. Liseme mara tu wanapouliza kama inawezekana kujizoesha sumu, na watauliza.