Kupiga plasta ukuta wa posta ya zamani, Bagamoyo
Posta ya zamani ya Bagamoyo, ya enzi za Wajerumani, ni ya mawe ya matumbawe na chokaa. Kwenye ukuta wa aina hiyo, ukiona plasta imevimba na unga mweupe wa chumvi karibu na sakafu, usiilaumu mvua kwanza. Mara nyingi kuna fundi aliyepiga saruji, nayo hufungia unyevu ndani ya jiwe.

Ibandue kwa patasi na nyundo ndogo, kwani nyundo kubwa hupasua tumbawe. Lowesha ukuta jioni, kisha asubuhi. Changanya chokaa ndoo 1 kwa mchanga ndoo 3, mchanga wa mto, si wa ufukweni: ule utarudisha chumvi ileile. Piga tabaka la milimita 10 tu. Likikaza, ongeza la pili. Lifunike kwa magunia yaliyoloweshwa siku 7, la sivyo jua litalipasua. Rangi? Chokaa ya maji.