Mvinje ukatwe mwaka wa ngapi? Hesabu ya ekari moja Malindi, na nguzo za plastiki ndani yake

Ukimuuliza mkulima wa mvinje (casuarina, mti wa nguzo za kujengea) atakata lini, atakwambia "ikifika boriti". Jibu hilo linajua bei ya mti ila limesahau kwamba ardhi nayo ina kodi yake, hata kama ni yako. Hesabu iliyo hapa chini inafaa shamba lolote la mvinje kuanzia Gede hadi Mambrui, na mwishoni itaipima ile kauli kwamba kila nguzo ya plastiki inaokoa mti. Andaa kamba, futi ya fundi cherehani, daftari na kikokotoo cha simu.

Hatua ya 1: Hesabu miti, usikisie

Kata kamba ya mita 5.64. Mmoja ashike ncha katikati, mwingine azunguke: hilo ni duara la mita za mraba 100. Piga maduara matano sehemu mbalimbali za shamba, jumlisha miti yote, kisha zidisha kwa 8.1 upate idadi ya ekari nzima. Ukipanda kwa mita 2.5 kwa 2.5, ekari huchukua miche 647 hivi, yaani 16 kwa kila duara. Ukikuta 12 au 13, umebaki na miti kama 500.

Usipige duara mpakani wala kando ya njia. Mti wa pembeni hauna wa kushindana naye kwa jua, kwa hiyo hunenepa kuliko wenzake wa ndani, na shamba zima litaonekana limekomaa kabla ya wakati.

Zungusha futi chini kabisa, pale msumeno utakapopita, gawa kwa 3.14 upate kipenyo. Madaraja ya unene tumeyarithi kwenye biashara ya mikoko: pau huanzia kama sentimita 4, mazio 8, boriti 11.5, nguzo 14. Wanunuzi hutofautiana kidogo, hivyo muulize wako kabla ya kupanga. Mti uliopinda andika kuni, hata ukiwa mnene.

Hatua ya 2: Bei ya mti uliosimama

Bei ya korija (miti 20) unayoisikia kwenye uwanja wa kuuzia nguzo si yako. Mwenye uwanja ameshalipa wakataji, lori na kibali cha kusafirisha cha KFS, Huduma ya Misitu Kenya. Toa hayo yote, ugawe kwa 20, ndipo upate bei ya mti mmoja shambani. Wengi hukosea hapa, na kosa hili huharibu kila kinachofuata.

Hatua ya 3: Riba bila mfumuko wa bei

Ukitumia bei za leo kwa mti utakaouza miaka saba ijayo, riba nayo iondolewe mfumuko. Mkopo wa asilimia 19 na mfumuko wa asilimia 6: 1.19 ÷ 1.06 = 1.12, yaani asilimia 12. Usitoe tu 6 kwenye 19.

Hatua ya 4: Thamani ya ardhi

Swali ni hili: ardhi ina thamani gani ukipanda na kukata mvinje juu yake mzao baada ya mzao, bila mwisho? Fomula ni ya Mjerumani Martin Faustmann, ya mwaka 1849, na bado haijapata mrithi:

thamani ya ardhi = (mauzo − gharama × k) ÷ (k − 1)

Mauzo ni idadi ya miti ya kila daraja mara bei yake shambani. k ni 1.12 kwa kipeo cha umri wa miti: kwa miaka 5, 1.12 × 1.12 × 1.12 × 1.12 × 1.12 = 1.76. Gharama ni kusafisha, miche, kuchimba mashimo na palizi, tuseme shilingi 50,000. Tarakimu hizi ni za mfano, weka zako:

Mwaka wa 5: mauzo 130,000, thamani 54,900
Mwaka wa 6: mauzo 200,000, thamani 104,000
Mwaka wa 7: mauzo 240,000, thamani 106,900
Mwaka wa 8: mauzo 270,000, thamani 99,100

Kata mwaka wa 7, wenye thamani kubwa kuliko yote. Lakini ukigawa faida kwa miaka, mwaka wa 8 unaonekana bora: 27,500 kwa mwaka dhidi ya 27,100. Hata ukipiga hesabu ya mzao mmoja tu (kupanda hadi kukata) kwa riba ileile, bado utaambiwa 8. Njia zote mbili hazioni kwamba kila mwaka wa kusubiri unachelewesha mzao unaofuata. Mwanauchumi Paul Samuelson alilirudia jambo hili mwaka 1976, kwa sababu hata wenzake walikuwa wakiisahau ardhi. Kisiki cha mvinje hakichipui vizuri, kwa hiyo zile 50,000 zinarudi kila mzao, wala usizifute baada ya mzao wa kwanza.

Jaribu sasa kutumia 19 badala ya 12: jibu linashuka hadi mwaka wa 6. Ndiyo hasara ya kuruka hatua ya 3.

Hatua ya 5: Ingiza nguzo za plastiki

Plastiki iliyorejelezwa si mgeni Pwani. Lamu iliunda jahazi zima la Flipflopi kwa taka, likashushwa majini 2018. Nguzo za plastiki haziliwi na mchwa, ila hulegea na kupinda zikibeba mzigo mahali penye joto. Basi zinagombea soko la uzio, hazigombei boriti za paa. Punguza bei za daraja la nguzo peke yake, urudie hesabu. Mauzo ya mwaka wa 7 yakishuka hadi 220,000 na ya mwaka wa 8 hadi 230,000, mwaka wa 6 unashinda: hakuna faida ya kungoja unene usio na mnunuzi.

Rudia tena, safari hii ukishusha bei zote za mwanzo kwa asilimia 20. Umri unabaki 7, lakini thamani ya ardhi inaanguka kutoka 106,900 hadi 67,300, asilimia 37, kwa kuwa gharama ya kupanda haikushuka. Mwenye shamba akipata zaidi ya hapo kwa mihogo au korosho, hatapanda mvinje tena.

Hapo ndipo kauli ya "kila nguzo ya plastiki inaokoa mti" inapokwama. Mkoko wa Lamu umejiotea, na nguzo ya plastiki inaweza kweli kuuokoa na shoka. Mvinje hupandwa kwa sababu unauzwa. Kwa hiyo ukiandikia kikundi au kaunti ripoti ya urejelezaji, weka mikoko na mivinje kwenye safu mbili tofauti, na usijumlishe.